Fundi Saa na mwamba unaohama kila mwezi mpevu

Jumamosi, tarehe 15 Novemba. Manyunyu ya alfajiri yamekatika, mawingu yaliyobaki ni mepesi kama pamba iliyochambuliwa, na upepo hautoshi hata kutikisa nguo zilizoanikwa kwenye nyumba za jirani. Jana usiku mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo maji yanatoka kwa kasi na kuacha mchanga ukiwa umelowa na kung'aa.

Saa mbili asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu anaburuta kayaki ya rangi ya chungwa kuelekea majini. Amevaa jaketi la kuelea lililopauka mabegani. Kifuani ananing'iniza simu iliyo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nyuma ya kiti amechomeka bomba la plastiki lenye ramani ya bahari ya karatasi, na miguuni ameweka kamba ndefu yenye kipande kizito cha madini ya risasi nchani.

Maji yanapomfikia magotini, anasimama na kuinamisha kichwa. Midomo yake inacheza kwa muda mrefu kuliko wenzake wanavyopenda kusubiri.

"Naomba kwanza, kisha nawasha simu," anasema. "Mpangilio ni huo kila siku. Mungu hajawahi kunihamisha mahali. Simu ndiyo inayonihamisha."

"Fundi, leo simu inasema samaki wako ghorofa ya ngapi?" anauliza mvuvi mmoja anayefunga ndoana kando yake.

"Bado wanapanda ngazi," anajibu bila kugeuka. "Lifti imeharibika."

Wanacheka. Ni kicheko cha watu wanaompenda, ila hawana mpango wa kumwonea huruma.

Hapa ufukweni anajulikana kwa jina moja tu, Fundi Saa. Ni mmoja wa wavuvi wachache wanaotumia kayaki, na ndiye pekee ambaye huingia baharini na vifaa vitatu vya kumwambia kina cha maji. Vifaa hivyo vitatu havijapatana hata mara moja tangu alipoanza.

"Nina mashahidi watatu," anasema. "Ramani inasema hili, simu inasema lile, kamba inasema lake. Na kila mmoja ananitazama machoni kabisa."

Leo ana sababu ya kutaka ushahidi ulionyooka. Kayaki si yake. Ni ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alimpa mwaka mmoja wa kujaribu. Mwaka huo unaisha leo, na saa tano shemeji anakuja na pikapu kuchukua chombo chake.

Zamani kiti cha Fundi Saa kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka. Alikuwa na sanduku la kioo, taa ya shingo ndefu, na lenzi ndogo aliyoibana jichoni mpaka ikamwachia alama ambayo haijafutika. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifungua saa za watu na kuzifunga.

Kisha simu zikaja, na watu wakaacha kuvaa saa. Waliokuja kwake walitaka betri au mkanda tu. Mwishowe mwenye jengo akampa nafasi ile muuza vifuniko vya simu, kijana mwenye adabu aliyemsaidia kubeba sanduku lake hadi barabarani.

"Simu yenyewe nilinunua kwake," anasema Fundi Saa na kutabasamu. "Nilijiambia, kama hiki ndicho kilichoniondoa, basi na kinilishe."

Kayaki ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa shemeji, ambaye aliinunua kwenye mnada wa hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa. Watoto waliichezea wiki mbili wakaichoka. Fundi Saa akaiomba. Shemeji, ambaye ana kituo cha kuosha magari, alikuwa na wazo lake.

"Nilitaka niipandishe juu ya nguzo mbili pale langoni, niijaze maua," anaeleza shemeji. "Mtu akipita barabarani anaiona kwa mbali. Hilo ni tangazo. Nikamwambia sawa, shemeji, nenda nayo mwaka mmoja. Isipoleta samaki, italeta wateja."

Nyumba ya Fundi Saa ina vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Mkewe hupiga pasi nguo za watu ukumbini, na mvuke wa pasi umekunja kona za ramani ya pili ya bahari iliyobandikwa ukutani. Mabinti zao pacha husoma chini ya ramani hiyo. Chumba cha pili ni cha mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na minane, ambaye macho yake yanahitaji dawa ya matone asubuhi na jioni.

"Wali hauna samaki siku tatu kwa wiki," anasema mkewe. "Hilo nimezoea. Nisilozoea ni kumwona anarudi na uso ule. Si uso wa hasira. Ni uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Anakaa pale, anatazama ramani, chai inapoa. Nikimuuliza kuna nini, ananiambia, mke wangu, mwamba umehama tena."

Maneno hayo ndiyo yanayowachekesha wenzake. Fundi Saa haoni la kuchekesha.

Programu anayoitumia huonyesha ramani ya bahari kwenye kioo cha simu. Mistari inaonyesha sakafu ya bahari inavyopanda na kushuka. Chini ya ramani kuna namba moja kubwa, nayo ni kina cha maji hapo ulipo. Samaki wa maana, kwa mfano chewa, hukaa kwenye ukingo wa mwamba, pale sakafu inapoporomoka ghafla. Mvuvi hutafuta mistari iliyosongamana, huweka alama, hupiga makasia hadi hapo, kisha hushusha mshipi.

Ni rahisi kulieleza jambo hili. Fundi Saa amekuwa akilifanya mwaka mzima, na bado ndoana yake hutua kwenye tope.

Alichogundua ni kwamba siku zinatofautiana. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haitoki sana, simu na kamba hukaribiana na yeye hupata samaki kidogo. Ukifika mwezi mpevu au mwezi mwandamo, siku za bamvua, ambapo bahari hujaa hadi kwenye miti na kutoka hadi mbali, simu huanza kusema mambo yake.

"Simu yako inaogopa mwezi," waliwahi kumwambia.

"Nikakaa nikalifikiria hilo kwa dhati," anakiri. "Nilifika mahali nikawa naliombea. Nasema, Mola wangu, kama kuna kitu kwenye mwezi, nionyeshe."

Saa tatu asubuhi tunamkuta baharini kwenye alama aliyoipa jina la Betri Mpya. Gazeti hili limepewa nafasi kwenye kayaki ya viti viwili ya mwanamke anayeitwa Kasia, muuguzi ambaye huvua siku zake za mapumziko. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya mikono yake mirefu. Anaiweka kayaki yake mbali kidogo, kama heshima inavyotaka.

Hapa ufukweni kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Alama za mtu ni siri yake. Kumwomba mvuvi akuonyeshe simu yake ni kama kumwomba akuvulie shati. Watu huulizana habari za mke, watoto na mgongo, lakini simu ya mwenzio huitazami, na akiiwasha karibu nawe unageukia upande wa pili.

Fundi Saa anapaka sabuni kwenye sehemu ya chini ya ile risasi na kuishusha. Kamba imefungwa vitambaa vya rangi kila baada ya mita moja. Anahesabu vitambaa vinavyozama. Sita. Anavuta. Sabuni imerudi na mkwaruzo na vijipande vya kombe, dalili ya mwamba, lakini yeye anachofuata ni namba.

Anaitazama simu. Simu inasema mita tisa na nusu.

Anatoa ramani ya karatasi kwenye bomba, anaifungua juu ya mapaja, anaikandamiza kwa viwiko. Ramani inasema tano na nusu.

"Unaona?" anatupazia sauti.

Ramani si inakaribiana na kamba? tunamuuliza.

"Leo," anasema. "Juma lililopita haikukaribiana na yeyote. Halafu ramani hii ilichapwa nikiwa darasa la tatu. Simu imeongezewa habari mpya mwezi huu. Mzee wa zamani na kijana aliyetoka shule jana, wewe ungemwamini nani habari za leo?"

Anaikunja ramani. Kisha anafanya jambo ambalo, kwa maelezo yake, amelifanya mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Anageuza kayaki kuelekea bahari kuu ili aende kupatafuta mahali ambapo kamba nayo itasema tisa na nusu. Akipapata, huifuta alama ya kwanza na kuweka mpya. Hilo yeye huliita kusahihisha.

"Kaka Fundi," Kasia anamwita. "Unaenda wapi?"

"Mbele kidogo. Hapa sipo."

"Hapo upo."

Fundi Saa anaacha kupiga kasia. Maji yanadondoka toka kwenye ncha zake. Kwa kawaida mazungumzo ya namna hii huwa hayapo.

"Sitaki kuingilia," anasema Kasia. "Lakini mimi nipo hatua ishirini toka ulipo na yangu inanionyesha ukingo huu hapa chini. Mita sita."

"Yangu tisa na nusu."

"Programu gani?"

"Hiyohiyo yenye nembo ya nanga."

"Haiwezekani."

"Dada yangu, hilo ndilo ninalosema mwaka mzima. Haiwezekani."

Kasia anasogeza kayaki mpaka vyombo viwili vinagusana. Fundi Saa anatazama ufukweni, ambako saa tano pikapu itakuja. Anaifuta plastiki ya simu kwa kiganja, anaifuta tena ingawa haikuwa na kitu, kisha anavua kamba shingoni na kumpa mwenzake simu yake.

Kasia anaipokea kwa mikono miwili. Anaitazama ramani, anatazama alama, anakunja uso. Halafu macho yake yanapanda hadi kona ya juu ya kioo.

"Kaka Fundi, mbona simu yako ipo usiku wa manane?"

"Usiku upi?"

"Hapa imeandikwa tatu na ishirini. Usiku."

"Ni saa tatu na dakika ishirini," anasema Fundi Saa. "Asubuhi. Jua si hilo hapo?"

Kasia anainua simu yake mwenyewe. Inaonyesha tisa na ishirini, kama simu nyingine zote zilizowekwa saa na mtandao. Anaziweka mbili pamoja, moja juu ya paja hili na nyingine juu ya paja lile. Kisha anaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa mwili mzima, hata kayaki inayumba na sisi tunashika kingo.

"Nani kakurudishia saa nyuma?"

"Mimi mwenyewe," anasema Fundi Saa. "Ni kwa ajili ya mama."

Hapo ndipo habari yote inapotoka, katikati ya maji, kwa mtu anayesimulia jambo ambalo haelewi bado kwa nini linachekesha.

Simu hiyo moja hutumiwa na watu wawili. Asubuhi huenda baharini na Fundi Saa, mchana hukaa kwenye meza ya mama yake ili imwamshe kwa matone ya jioni. Mama alilalamika kwamba simu haijui saa. Jua linachomoza, saa moja, yenyewe inasema saba. Yeye na macho yale, akiona saba anadhani ni mchana na saa ya dawa imempita.

Katika kibanda chake cha saa chini ya ngazi, jambo hilo halikuwa geni. Wateja wengi wazee walitaka mishale isomeke kama wanavyohesabu wenyewe, saa moja iwe moja. Fundi Saa hakuwahi kubishana nao.

"Tulikuwa na msemo wetu," anasema. "Saa ni ya mwenye mkono. Ukiletewa, unamuuliza mteja anataka isomeke vipi, unaiweka hivyo. Si kazi ya fundi kumfundisha mtu siku yake inaanza lini. Basi kwenye simu nikafanya vilevile. Nikaizima isijiwekee saa yenyewe, nikairudisha nyuma saa sita. Mama akafurahi. Mimi pia sikuona taabu, naisoma vizuri tu."

"Na programu?" anauliza Kasia.

"Programu inaongea na setilaiti. Huko juu wanajua saa."

"Inakuuliza wewe saa, Kaka Fundi. Setilaiti inaipa mahali ulipo."

Kasia anafungua ukurasa wa maji kujaa na kupwa. Fundi Saa hajawahi kuufungua. Bahari anaiona kwa macho, anasema, ya nini aiulize simu kama maji yametoka? Kwenye ukurasa kuna mstari unaopanda na kushuka kama vilima, na nukta nyekundu inayoonyesha sasa hivi. Kwenye simu ya Kasia nukta ipo bondeni. Kwenye simu ya Fundi Saa nukta imekaa karibu na kilele.

"Sikiliza," anasema Kasia, na sauti yake sasa ni ile anayozungumza nayo na wagonjwa. "Ramani inakupa kina wakati maji yametoka kabisa. Hiyo ndiyo tano na nusu yako. Programu inachukua kina hicho, inaongeza maji ya saa hiyo. Yangu imeongeza nusu mita, kwa sababu sasa hivi maji yametoka. Yako inadhani ni usiku, maji yamejaa mpaka kwenye miti. Imeongeza mita nne."

Bahari hutoka kwa karibu saa sita, kisha hujaa kwa karibu saa sita. Kwa hiyo simu iliyorudishwa nyuma saa sita haikosei kidogo. Inakosea kinyume kabisa. Siku za maji mafu kinyume hicho ni kidogo, kamba na simu zinasameheana. Siku za bamvua kinyume kinakuwa kirefu kuliko mlango wa nyumba.

Fundi Saa anamsikiliza hadi mwisho. Anatazama kamba yake, vitambaa sita vilivyolowa.

"Kwa hiyo nilikuwa hapa," anasema.

"Ulikuwa hapa."

"Na juzi, kule kwenye alama ya Mkanda, nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale."

"Halafu nikahama."

Kasia anaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nimekaa juu ya samaki," anasema Fundi Saa taratibu. "Nawaomba radhi, naondoka."

Inamchukua muda kuelewa sehemu mbaya zaidi ya habari hiyo. Alama alizozisahihisha ndizo alizoziharibu. Kwa mwaka mzima amekuwa akifuta mahali sahihi na kuweka mahali pa tope, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kazi ya vipuri vidogo. Anapitisha kidole kwenye orodha ya majina, Ngazi, Lenzi, Mkanda, Kioo, na kwa kila moja anatikisa kichwa. Karibu zote zimeshahamishwa. Betri Mpya imepona kwa sababu aliiweka juzi tu, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuifikia.

"Sijui nifurahi au nifanyeje," anasema. "Ni kama mtu amekwambia kichwa hakiumi tena, lakini kichwa chenyewe wameondoka nacho."

Kasia anamrudishia simu. "Shusha mshipi," anasema. "Maswali baadaye."

Anaushusha palepale. Wakati huu haitazami simu. Mawingu yanapita mbele ya jua na kuondoka. Kasia, upande wake, anatoa changu mmoja, wa pili, na kuwatia moja kwa moja kwenye ndoo, maana si wakati wa majivuno.

Kisha fimbo ya Fundi Saa inainama mpaka majini. Kayaki inageuka yenyewe. Anashikilia kwa mikono miwili, miguu imekanyaga mbele, na kitu kizito kilichoko chini kinaelekea kwenye pango lake. Mshipi unalia. Halafu unakatika, na fimbo inaruka juu tupu.

Fundi Saa anaukusanya mshipi wake mkononi, anaiangalia ncha yake kwa karibu sana, jicho moja likiwa limebanwa kama vile ile lenzi bado ipo. Ncha imechanika nyuzinyuzi.

"Umekwaruzwa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unafunguka. "Dada, umekwaruzwa na jiwe."

Saa tano kasorobo pikapu imeshafika ufukweni. Shemeji amesimama na kamba mbili za kufungia mzigo begani. Mke wa Fundi Saa ameshuka na kukaa juu ya tairi bovu. Kwenye kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi, ameketi mama mzazi, aliyeomba kuja kwa sababu mwaka mzima amesikia habari za kayaki na hajawahi kuiona inatembea. Wavuvi wengine wamesogea, kila mmoja akijifanya ana kazi ya kufanya hapo karibu.

Fundi Saa anashuka na kutembea moja kwa moja hadi kwa shemeji. Mkononi ana mshipi uliokatika.

"Shikamoo mama. Shemeji, tazama."

Shemeji anatazama. "Nini hiki?"

"Mshipi umekatika."

"Naona. Umekuja kunionyesha uzi uliokatika?"

"Umekatwa na mwamba. Kwenye tope uzi haukatiki hivi. Mwaka mzima sijakatikiwa hata mara moja."

Shemeji anamgeukia dada yake, mke wa Fundi Saa. "Huyu mumeo amepigwa na jua?"

Kasia anaingia kati na kueleza, kwa maneno machache kuliko aliyoyatumia baharini. Anaeleza saa, nukta, maji ya usiku yaliyoongezwa kwenye maji ya asubuhi. Wavuvi wanasikiliza. Mmoja anaanza kucheka, anaona hakuna anayemfuata, anaacha. Mwingine anatoa simu yake kwa siri na kutazama kona ya juu.

Toka kwenye pikapu inasikika sauti ya mama.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nawafukuza samaki?"

"Si wewe, mama," anasema Fundi Saa. "Saa ilikuwa yako, na ilikuwa sawa kwako. Mimi ndiye niliyesahau kwamba kuna mwingine anayeisoma."

Palepale anatoa simu kwenye mfuko na kuirudishia saa ya mtandao. Anampelekea mama aione. Mama anaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Kumi na moja," anasoma. "Jua hili ni la saa kumi na moja?"

"Ndivyo wanavyohesabu wenye simu, mama."

"Wahesabu. Mimi nitajuaje dawa yangu?"

Fundi Saa anafungua mkanda wa saa aliyoivaa. Ni saa ya kutia ufunguo, aliyoachiwa kibandani na mteja ambaye hakurudi, na ndiyo saa ya mwisho aliyoitengeneza kabla ya kufunga. Anavuta kitufe, anazungusha mishale mpaka inakaa kwa namna ya mama, anaitega sikioni kusikia inavyotembea. Kisha anaifunga kwenye mkono wa mama, tundu la mwisho kabisa la mkanda, maana mkono umekuwa mwembamba.

Shemeji ameangalia yote hayo na kamba zake begani. Anakohoa.

"Maneno nimeyasikia," anasema. "Mazuri. Lakini shemeji, mwaka jana pia uliniambia maneno mazuri. Nguzo nimeshazisimamisha. Udongo wa maua nimeshaleta. Leo narudi na nini?"

"Nipe mpaka bamvua lijalo. Mwezi mwandamo. Nianze alama zote upya."

"Halafu ukirudi mtupu?"

Ni mkewe anayesema, bila kuinuka juu ya tairi. "Mwambie. Mwambie mbele yetu, ili nami niwe na cha kukushika nacho."

"Sema kwa sauti," anaongeza shemeji. "Hawa wote wasikie. Sitaki baadaye niambiwe ni mambo ya ukoo."

Wavuvi wanaacha kujifanya wana kazi. Kasia anaweka ndoo chini. Mama ananyanyua mkono wake na kuusogeza jichoni.

"Haya, mwanangu, sema," anasema. "Ni saa tano na dakika kumi. Mimi shahidi."

Fundi Saa anavua kofia. Anainamisha kichwa kama alivyofanya asubuhi majini, na safari hii hakuna anayemharakisha. Kisha anainua uso.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya mama, na mke wangu, na shemeji, na ninyi nyote," anasema. "Bamvua lijalo nikirudi mtupu, kayaki hii nitaipandisha mwenyewe kwenye nguzo za shemeji kwa mikono yangu, na maua nitayamwagilia mimi. Nikirudi na samaki, wa kwanza ni wa mama, wa pili ni wako, shemeji. Na kuanzia leo, yeyote kati yenu akiniomba kuiona simu yangu, nitamwonyesha."